Tani kwenye kulabu, kilonyutoni kwenye cheti: kwa wanaoanza kazi ya kuinua mizigo Kilindini

Mfuko wa saruji una kilo 50. Hilo ni tungamo lake, yaani kiasi cha saruji kilichomo, na halibadiliki uwe Kilindini, Nairobi au mwezini. Uzito ni kani ambayo dunia huuvuta nayo mfuko huo, na hupimwa kwa nyutoni. Zidisha kilo kwa mvutano wa mahali ulipo: Mombasa ni karibu 9.78, kwa hivyo mfuko una uzito wa nyutoni 489. Kazini piga hesabu kwa 9.81, ziada hiyo ndogo inaegemea upande wa usalama.

Dukani ukichanganya viwili hivi hakuna anayeumia. Chini ya winchi, mtu hufa. Kulabu na minyororo hupigwa alama ya tani, lakini cheti cha waya mara nyingi huandika nguvu ya kukatikia kwa kilonyutoni, yaani maelfu ya nyutoni. Chukua waya wa kilonyutoni 200. Gawanya kwa 9.81, upate tani 20.4. Hapo ndipo waya unapokatika, si mzigo wa kuuning'iniza! Waya wa kuinulia kwa kawaida hugawanywa tena kwa 5, kwa hivyo utabeba tani 4 tu.

Halafu kuna pembe, ambayo wageni wengi huisahau. Mzigo wa tani 2 una uzito wa kilonyutoni 19.6. Ukiuinua kwa nyaya mbili zilizosimama wima, kila mmoja unavutwa kwa 9.8. Zitanue mpaka pembe kati yake ifike digrii 120, na kila waya utavutwa kwa 19.6 nzima. Tungamo ni lile lile, kani kwenye kila waya imeongezeka maradufu. Kwa hivyo tumia nyaya ndefu zaidi, pembe ipungue.

Mzigo ukishaning'inia, winchi imebeba uzito wote, na utaweza kuusogeza kwa mkono polepole. Usidanganyike. Tungamo la tani 2 bado liko pale, na likianza kubembea huwezi kulizuia kwa kifua. Shika kamba ya kuongozea, na usisimame kati ya mzigo na ukuta wa kontena.

Kuhusu mizani: tangu 1 Julai 2016 kontena yenye shehena haipakiwi melini kabla tungamo lake kuthibitishwa, pamoja na la kontena yenyewe. Mizani ya kulinganisha na mawe husoma sawa popote. Ya springi au ya dijitali hupima mvuto, kisha huugeuza kuwa kilo. Iliyorekebishwa London, ambako mvutano ni 9.81, ikiletwa hapa bila kurekebishwa itapunja kilo 60 hivi katika kila tani 20. Dai irekebishwe papa hapa Mombasa, kwa mawe yaliyohakikiwa, kabla hujaandika namba yoyote.