Ratiba Imebadilishwa, Wanafunzi Bado Wanaona ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa tovuti ya chuo kidogo mkoani Iringa. Tumeweka programu ya Nginx kama proksi, yaani mpatanishi anayehifadhi nakala za kurasa, mbele ya seva yetu ili kuipunguzia mzigo, na kila ukurasa tumeupa max-age (muda ambao nakala ni halali) ya saa 24. Juzi tulibadilisha ratiba ya mitihani asubuhi, lakini hadi jioni wanafunzi walikuwa wakisoma ya zamani. Mwenzangu ananishauri niweke no-store kila mahali. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo usiufuate. Agizo la no-store linakataza nakala kuhifadhiwa popote, na seva yako itarudi kubeba mzigo uleule uliotaka kuupunguza. Liachie kurasa za siri, kama matokeo ya mwanafunzi mmoja mmoja.

Hakuna kilichoharibika. Uliiambia proksi, pamoja na vivinjari vyote, kwamba nakala ni halali kwa sekunde 86400, navyo vikatii bila kuuliza. Unachohitaji ni uhalali mfupi, kisha uhakiki. Seva ikituma ratiba iwe na kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ukurasa) ETag: "r7", yaani alama ya toleo. Muda ukiisha, proksi haiitupi nakala yake, bali hupeleka ombi lenye If-None-Match: "r7", yaani inauliza kama toleo ililonalo bado ndilo. Ikiwa ratiba haijaguswa, seva hujibu 304 (haijabadilika) na vichwa vichache tu, bila kutuma ukurasa wenyewe, na nakala ya zamani huanza kuhesabiwa muda upya. Ikiwa imebadilika, hujibu 200 pamoja na ukurasa mpya.

Kwa ratiba, andika Cache-Control: max-age=0, s-maxage=60. Thamani ya pili huzihusu kache za pamoja, yaani hifadhi za nakala zinazotumiwa na watu wengi, kama proksi yako, ilhali kivinjari hufuata ya kwanza, kwa hiyo simu ya mwanafunzi itauliza kwanza na proksi itachelewa kwa dakika moja tu. Pengine utashawishika kutumia no-cache, ambayo kwa mujibu wa kanuni za HTTP inaruhusu kuhifadhi mradi nakala ihakikiwe kabla ya kutumika. Lakini Nginx ikiiona haihifadhi kabisa, jambo ambalo limewasumbua mafundi wengi.

Katika usanidi wa Nginx washa proxy_cache_revalidate, kwa sababu kwa kawaida huwa imezimwa, na bila hiyo ukurasa mzima hupakuliwa upya kila muda unapoisha. Ongeza pia add_header X-Cache $upstream_cache_status, ili kila jibu lionyeshe proksi ilivyoitumia nakala yake. Kisha subiri dakika ipite na uulize kwa curl -I, amri inayoonyesha vichwa vya jibu. Ukiona neno REVALIDATED, uhakiki unafanyika.

Kache ya proksi unaweza kuifuta leo hii. Nakala zilizokwisha kuingia katika simu kwa agizo la saa 24 huwezi kuzirudisha. Kwa hizo, ipe ratiba anwani mpya na ubadilishe kiungo kinachoelekea kwake.