Mwani wa Unguja, zabibu za Dodoma: kwa nini jeli haigandi?

SWALI: Natengeneza jeli ya zabibu kwa mwani mkavu kutoka Unguja badala ya jelatini. Nachemsha mwani na juisi pamoja kwa saa nzima, lakini rojo hubaki nyepesi kama uji wa mgonjwa. Siku inapoganda, kesho yake naikuta inaelea kwenye maji yake. Nakosea wapi? – Msomaji, Hombolo

JIBU: Kosa kubwa ni kupika vyote sufuria moja. Kinachogandisha ni karajinani, sukari yenye nyuzi ndefu iliyomo ndani ya mwani, na nyuzi hizo hukatika zikichemshwa kwenye ukali wa asidi. Juisi ya zabibu ina pH (kipimo cha ukali: namba ndogo, ukali mwingi) ya 3 na ushei. Kwa ukali huo, saa nzima motoni inatosha kuharibu kila kitu.

Osha gramu 50 za mwani mkavu mara tatu au nne hadi mchanga na chumvi viishe, loweka usiku kucha, katakata, kisha chemsha kwa moto mdogo katika lita 1 ya maji kwa saa 1 hivi, ukiongeza maji kadiri yanavyopungua. Chuja kwa kitambaa ingali ya moto sana, maana ikipoa itagandia humo humo. Pembeni pasha lita 1 ya juisi na sukari yake hadi nyuzijoto 70 hivi. Epua vyote, changanya, mimina vikombeni bila kuchelewa. Usitie juisi baridi: rojo itaganda papo hapo kwa mabonge.

Hayo maji ya kesho yake yanatokana na aina ya mwani. Mwani aina ya kotonii hutoa jeli ngumu inayokatika, na potasiamu huikaza zaidi. Zabibu zina potasiamu nyingi, kwa hiyo jeli hujikaza hadi ikajikamua yenyewe. Spinosamu hutoa jeli laini inayovutika na kushika maji. Anza na robo tatu ya kotonii na robo ya spinosamu, kisha rekebisha. Kabla ya kulipa, uangalie mwani wenyewe: spinosamu ina vijiba vingi kama miiba midogo, kotonii ina matawi manene na laini zaidi. Zanzibar sasa hulima zaidi spinosamu, kwa sababu kotonii hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Gunia la spinosamu tupu halitakupa jeli ya kukata kwa kisu, hata uchemshe vipi.

Jambo jingine, ambalo wa pwani hawatakuambia: maji ya visima vya huku kwetu ni magumu. Ule ukoko mweupe kwenye birika ni kalsiamu, nayo huzifunga nyuzi za spinosamu zisiyeyuke vizuri. Tumia maji ya mvua. Ukikosa, chemsha maji jioni, yaache yatulie, asubuhi umimine ya juu tu.

SWALI: Nina kisima cha maji ya chumvi. Naweza kulima spirulina, ule mwani mdogo sana wa kuliwa, na magadi yatafaa? – Msomaji, Singida

JIBU: Spirulina asili yake hasa ni maziwa ya magadi, si bahari, kwa hiyo kanda yetu inaifaa. Lakini magadi ya kuokota tunayakataa kwa chakula cha watu. Yanaweza kuja na floridi nyingi, na baadhi ya visima vya Singida tayari vina shida hiyo. Pima maji yako kwanza.

Kwa kila lita weka gramu 8 za baikaboneti ya sodiamu, gramu 5 za chumvi, gramu 2 za nitrati ya potasiamu, na chembe za fosfati, magnesiamu na chuma. Kina cha bwawa kiwe sentimita 15 hadi 20, pH kati ya 9 na 10.5, joto karibu nyuzi 35. Wengi huua mbegu (spirulina hai ya kuanzia) wiki ya kwanza: huimwaga ikiwa nyepesi kwenye jua kali la mchana, nayo hupauka na kufa. Iwekee kivuli hadi maji yawe kijani kizito, na ikoroge mara kadhaa kwa siku. Juni na Julai funika bwawa usiku kwa nailoni. Baridi ya hapa husimamisha ukuaji.

SWALI: Krimu yangu ina skwalani, mafuta ya kulainisha ngozi. Ni kweli inatoka kwa papa? – Msomaji, Chamwino

JIBU: Huenda. Kwa miaka mingi ilitolewa kwenye maini ya papa wa kina kirefu, wanaokua polepole na kuzaa wachache, na kwa kweli hakuna sababu ya kuendelea kuwaua. Skwalani ileile hupatikana kutokana na zeituni, au hutengenezwa kutokana na mafuta yanayotolewa na hamira iliyobadilishwa vinasaba na kulishwa sukari ya miwa. Kwenye ngozi hutaona tofauti. Tafuta kopo lililoandikwa kuwa ni ya mimea. Lisiposema, muulize muuzaji.