Kung'arisha meno: nani afanye, nani asubiri kwanza

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja tu, "ulitumia dawa gani?", na najua nawakera watu kwa sababu sitaji dawa, nauliza kwanza hiyo rangi kwenye meno yako imetoka wapi. Maana dawa iliyonifaa mimi inaweza isikusaidie wewe hata kidogo, ukabaki na maumivu na hela imeshaenda. Mimi niling'arisha kwa trei za nyumbani, vile vifuniko vya plastiki unavyovitia dawa na kuvivaa juu ya meno, nikiwa chini ya daktari wa meno, na kabla ya hapo nilisoma sana na kuuliza sana mpaka daktari mwenyewe akawa anacheka, kwa hiyo nimeona bora niandike yote hapa halafu nikiulizwa tena natuma linki tu.

Tuanze na rangi. Jino lenye afya siyo jeupe kama karatasi. Ule ugumu wa juu, enameli, unapitisha mwanga, na chini yake kuna dentini ambayo kwa asili yake ina umanjano, sasa ukicheka kinachoonekana ni hiyo dentini ikipenya kwa juu. Umri ukienda enameli inalika kidogo kidogo na manjano inazidi, ndo maana mtu anapiga mswaki kila siku asubuhi na usiku na bado anaona meno yake siyo yale ya ujana. Huo siyo uchafu jamani na wala siyo ugonjwa. Na yale meno unayoyaona kwenye matangazo, mengi ni veniya, vile vigamba vyembamba vya kufunika jino kwa mbele, zimebandikwa au picha imepitishwa kwenye programu, usijilinganishe nayo.

Halafu kuna madoa ya juujuu, ya chai, kahawa, sigara, tumbaku, hata zile dawa za kusukutua zenye klorheksidini ukizitumia muda mrefu zinaacha rangi ya kahawia. Haya hayataki dawa ya kung'arisha kabisa, yanataka kusafishwa. Daktari wangu alianzia hapo, akakwangua ukoga mgumu, ule uliogandia hasa nyuma ya meno ya chini ya mbele, akapiga polishi, akanipa kioo. Nusu ya kile nilichokuwa nakilalamikia kilikuwa kimeshaondoka! Nina uhakika wapo watu wengi wanaohangaika na dawa kali wakati shida yao ingeishia kwenye kusafishwa tu, na watu kama hao ukiwaambia wakasafishe wanaona kama umewabania siri.

Madoa ya ndani ndo yenye kazi. Mtu aliyekunywa maji yenye floridi nyingi utotoni wakati meno bado yanajengeka anakuwa na madoa meupe kama chaki au ya kahawia, na hapa watu wanaumia sana kwa sababu dawa ya kung'arisha haiondoi lile doa jeupe, na siku za mwanzo inaweza hata kulifanya lionekane zaidi. Kuna njia nyingine za madoa hayo, daktari anaweza kusugua tabaka jembamba sana la juu au kuingiza utomvu maalumu ndani ya doa, lakini hizo ni kazi za kliniki, hazipo kwenye kopo. Kuna waliopewa tetrasaiklini, ile antibiotiki, wakiwa wadogo, au mama alitumia akiwa mjamzito, meno yanatoka na mistari ya kijivu. Hayo yanaweza kupungua ila unaongelea miezi, siyo wiki mbili. Na kuna lile jino moja peke yake limekuwa jeusijeusi baada ya kugongwa. Hilo usilipake chochote, nenda kapige eksirei kwanza, maana huenda mshipa wake umeshakufa ndani na linahitaji matibabu ya mzizi, na likishatibiwa linaweza kung'arishwa kwa ndani na daktari.

Sasa dawa yenyewe. Karibu zote zinazofanya kazi kweli zina haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo ikikutana na mate inaachia hiyo hiyo haidrojeni peroksaidi. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui, kabamaidi ya asilimia 10 inatoa kama asilimia 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi, kwa hiyo ukiona kopo moja limeandikwa 10 na jingine 6 usikimbilie kusema la 10 ndo kali, angalia ni 10 ya nini. Inavyofanya kazi ni kwamba inapenya ndani ya enameli na kuvunja chembechembe za rangi, haikwangui chochote. Mtindo wa kuvaa trei usiku wenye kabamaidi ya asilimia 10 ulichapishwa mwaka 1989 na madaktari wawili wa Marekani, Van Haywood na Harald Heymann, na tangu hapo umetumika miaka mingi sana, kwa hiyo ukiniuliza kama ni salama nakwambia ndiyo, kwa mdomo wenye afya, kwa kipimo kinachoeleweka, na kwa muda unaoeleweka. Ondoa kimoja kati ya hivyo na jibu langu linabadilika.

Mdomo wenye afya maana yake nini? Jino lililotoboka halitakiwi kuguswa na dawa hii kabla halijazibwa, dawa ikiingia kwenye tundu utaruka. Vilevile jino lenye ufa, fizi zinazovuja damu, au fizi zilizoshuka mpaka mizizi iko nje, maana mzizi hauna enameli ya kuulinda na pia haung'ari kama sehemu ya juu. Wajawazito na wanaonyonyesha madaktari huwaambia wasubiri, siyo kwamba kuna madhara yaliyothibitishwa, ila hakuna sababu ya kujaribu kwa ajili ya urembo wakati huo. Watoto na vijana wa chini ya miaka 18 nao wasubiri, isipokuwa kama kuna tatizo ambalo daktari mwenyewe ameamua kulishughulikia.

Halafu kitu kinachowashtua wengi, jino la bandia, kofia ya jino, veniya na ile sementi nyeupe ya kuzibia hazibadiliki rangi. Mimi nina jino la mbele limezibwa pembeni. Daktari akachukua kile kibao chenye vijino vya mfano vya rangi tofauti, akanisogeza karibu na dirisha, akaweka kimoja kando ya jino langu, kisha akagusa pale palipozibwa na ncha ya kifaa chake, "Hapa patabaki hivi hivi, meno yako yote yakipanda weupe hapa patakuwa doa." Ningefanya peke yangu nyumbani ningejikuta na kiraka cha manjano katikati ya tabasamu. Ikabidi tukubaliane kabla kwamba baada ya kumaliza pabadilishwe, na siyo siku hiyo hiyo, unasubiri kama wiki mbili, kwanza rangi itulie, pili ile oksijeni inayobaki ndani ya jino inazuia sementi mpya kushika vizuri. Gharama ya kazi hiyo iingize kwenye bajeti mapema, wengi wanapiga hesabu ya dawa tu.

Ganzi sasa. Hii lazima niiongelee kwa urefu maana ndo inayowakatisha watu tamaa au kuwatisha. Siku za mwanzo mimi sikusikia kitu, nikajiona shujaa, halafu ikaanza, maji ya baridi yakigusa meno ya mbele nasikia shoti kama ya umeme, na mara nyingine inapiga tu yenyewe nimekaa kimya sijanywa chochote, inapita, imeisha. Sababu yake ni kwamba dawa inapenya mpaka karibu na mshipa wa jino na kuukera. Kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya siku chache baada ya kupumzika au kumaliza. Kilichonisaidia ni kutumia dawa ya mswaki ya meno yenye ganzi, ile yenye potasiamu naitreti, na daktari alinishauri nianze kuitumia kabla ya trei, wiki kama mbili kabla, siyo kungoja mpaka uumie. Afu nikawa naruka usiku mmoja, napumzika, naendelea. Hupotezi kitu ukiruka, rangi inafika tu ila polepole. Lakini maumivu yanayobaki kwenye jino moja, yanayodunda, yanayokuamsha usiku, hayo siyo ganzi ya dawa, acha mara moja ukaonwe.

Kosa la kiufundi linaloumiza watu wengi ni kujaza geli. Kwenye trei unaweka tone dogo kwa kila jino upande wa mbele, kama punje ya mchele, basi. Ukijaza inafurika kwenye fizi na fizi inageuka nyeupe na kuwasha kama imeungua. Ukiona imefurika futa kwa kidole au mswaki mkavu, usiseme nitavumilia. Fizi iliyoguswa kidogo hurudi kawaida haraka, ila ukirudia kila siku unajitengenezea vidonda. Na ndo maana trei iliyochongwa kwa kipimo cha mdomo wako ni bora kuliko zile za kuchemsha na kung'ata, ambazo zinaacha nafasi kila upande na dawa inatembea itakavyo.

Za kliniki zenye ile taa ya bluu je? Huko wanatumia haidrojeni peroksaidi kali, asilimia 25 mpaka 40, ndo maana lazima fizi zifunikwe kwanza na mtu anayejua anachofanya. Kinachofanya kazi ni dawa, siyo taa, mchango wa taa ni mdogo au haupo. Na jua hili, ukikaa mdomo wazi saa nzima meno yanakauka, na jino lililokauka linaonekana jeupe zaidi ya lilivyo, kwa hiyo ile picha ya "kabla na baada" inayopigwa ukiwa bado kwenye kiti ina weupe ambao siku chache mbele utapungua. Hawajakuibia, ni jino limerudisha maji yake. Kama una haraka na tukio ni sawa, kama huna haraka mi nasema trei, polepole, unaweza kuacha ukipata shida.

Za mitandaoni sasa, hapa naomba niwe mkali. Limau na soda ya kuokea, acheni. Enameli inaanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo ndo asidi kali zaidi, ikishuka chini ya kama 5.5, limau liko kwenye 2 na kitu, unalainisha jino halafu unalisugua na unga. Siku ya kwanza linang'aa kweli maana umelichubua, na enameli haioti tena, ikiisha ile dentini ya manjano inakuja juu, unakuwa na manjano zaidi ya ulivyoanza pamoja na ganzi ya kudumu. Mkaa nao, ule unga mweusi wa kwenye video, unasugua madoa ya juu tu na ukiwa na chembe kubwa unakwangua na jino lenyewe, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba ni salama au unafanya kazi. Pia unajificha kwenye mipaka ya meno yaliyozibwa, unabaki na mstari mweusi. Dawa za mswaki za "kung'arisha" nazo nyingi zinaondoa madoa ya juu, siyo rangi ya ndani, hazina ubaya sana ila usitegemee miujiza.

Na geli zisizo na maandishi ya kueleweka, zinazouzwa kwa meseji, mtu anakwambia ni ya "asili" ila hakuonyeshi kilichomo. Umoja wa Ulaya tangu 2012 dawa zenye zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 ya haidrojeni peroksaidi zinauzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza yanasimamiwa na daktari, na chini ya miaka 18 hapana. Uingereza mtu wa saluni akikung'arisha meno anavunja sheria. Hawakuweka hayo kwa kupenda kusumbua watu, ni kwa sababu mtu wa saluni hana uwezo wa kuona jino lililotoboka na hana cha kufanya ukiungua. Sehemu nyingi hakuna sheria ya namna hiyo, kwa hiyo mlinzi ni wewe mwenyewe, uliza asilimia ngapi, ya nini, na nani atanipokea nikipata shida. Akianza kukwepa, ondoka.

Malengo yako yawe ya kawaida. Kipimo kizuri nilichopewa ni weupe wa macho yako, meno yakipita hapo yanaanza kuonekana ya bandia. Meno ya umanjano yanapanda vizuri, ya kijivu yanasumbua, na jino la chonge kwa asili huwa na rangi zaidi ya wenzake, linachelewa, usiliongezee dawa kwa hasira. Rangi haidumu milele pia, ukiendelea na kahawa na sigara inarudi mapema, na hapo ndo uzuri wa trei unaonekana, unazitunza, zioshe kwa maji ya baridi maana ya moto yanazipindisha, kisha baada ya miezi kadhaa ukiona meno yamefifia unarudia usiku mmoja au mbili badala ya kuanza upya. Geli iliyobaki iweke kwenye friji mbali na watoto, na kabla ya kuitumia tena soma tarehe, ikishapita muda nguvu yake inakuwa imeshuka na utalaumu meno bure.