Maswali Yenu: Tajiri wa kiwanda aliyetetea wafanyakazi bungeni

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko kiwanda cha nyuzi hapa Morogoro, juzi saa ya msosi tumebishana sana, wenzangu wanasema tangu viwanda vianze huko Ulaya tajiri akiingia bungeni anaenda kulinda mali yake tu. Hivi hakuna hata mmoja alietetea wafanyakazi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Yupo ndugu yangu, tena wa nyuzi kama wewe. John Fielden wa Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, kazaliwa 1784, baba yake alikua na kiwanda cha kusokota pamba na yeye akaingizwa kazini humo akiwa na miaka 10 hivi, kwahiyo uchovu wa mtoto kiwandani hakusimuliwa na mtu. Baadae yeye na ndugu zake wakakikuza hadi kikawa kati ya viwanda vikubwa vya pamba nchini, na 1832 watu wa Oldham wakampa ubunge.

Sasa kuna jambo moja alifanya, mi nikilikumbuka linanigusa mpaka leo. Alikua kwenye mkutano Manchester akasikia mtu anasema mtoto wa kiwandani anatembea maili 24 kwa siku akiunganisha nyuzi zinazokatika. Hakuamini. Karudi kwake, kaingia kiwandani kwake mwenyewe na saa mbele yake, akamtazama binti mmoja anavyoenda na kurudi kwenye mashine, kupiga hesabu akakuta haipungui maili 20, yaani kama kilomita 32, na hapo ni kwake yeye alieona anawatendea watu vizuri! Angeweza kunyamaza, nani angejua? Yeye akaenda kuisema hadharani.

Alipigania sheria ya kazi isiyozidi masaa 10 kwa siku, miaka na miaka. 1846 muswada ulianguka kwa kura 10 tu, 1847 akaurudisha ukapita, wanawake na vijana wa miaka 13 hadi 18 wasizidishe masaa 10. Wanaume wazima hawakutajwa ila mashine haiendi bila wale wengine, ndo maana nao walitegemea kupumzika.

Mwaka huohuo akapoteza kiti chake. Halafu matajiri wenzake wakaleta ujanja wa kupokezanisha watu kwa zamu ili mashine zisizime, bunge likaja kuubana 1850, Fielden akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla.