Steki yenye majani ya Mediterania: maswali yenu

*Nilipaka steki rozimari na kitunguu saumu kabla ya kukaanga. Majani yaligeuka meusi, nyama ikawa chungu. Tatizo ni nini?*

Viungo ni sahihi, mpangilio ndio uliokuponza. Nyama haishiki rangi ya kahawia iliyokolea mpaka kikaango kipate moto mkali, zaidi ya nyuzi joto 200 za Selsiasi, na kitunguu saumu kilichotwangwa hakivumilii joto hilo hata dakika moja. Kikishaungua, uchungu wake hauondoki.

Tenganisha kazi hizi mbili. Kausha nyama vizuri, ipake chumvi na mafuta mepesi yasiyo na harufu, uikaange kwenye kikaango kizito cha chuma. Steki yenye unene wa sentimita 3 huhitaji kama dakika 3 au 4 kila upande. Wakati huo, kwa steki mbili, weka kwenye kisufuria vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya zeituni, kijiko kikubwa cha rozimari iliyokatwakatwa laini kabisa, kijiko cha chai cha thaimu na punje 2 za kitunguu saumu. Pasha kwa moto mdogo dakika 2, mpaka kitunguu kinukie kikiwa bado cheupe. Kikianza kubadilika rangi, epua mara moja. Ongeza pilipili manga na ganda la nusu limau lililokwaruzwa (sehemu ya njano tu, kwani ile nyeupe ni chungu). Mimina juu ya steki inapotoka motoni, uiache itulie dakika 5 hadi 8. Joto la nyama litamalizia kuamsha harufu ya majani.

Ukitaka majani yashikamane na nyama tangu mwanzo, acha kitunguu saumu kabisa na utumie oveni ya nyuzi 120 mpaka kiini kifike nyuzi 47. Kisha kaanga dakika moja tu kila upande.

*Chumvi niweke lini?*

Saa moja kabla, au usiku wa kuamkia siku ya kupika. Ama sivyo, pale pale unapoibandika nyama. Muda mbaya ni ule wa katikati, dakika 10 hadi 30: chumvi imeshavuta maji juu ya nyama lakini hayajarudi ndani, kwa hiyo steki inachemka badala ya kukaangika. Kwa nusu kilo ya nyama, gramu 5 zinatosha, yaani kijiko cha chai kisichojaa cha chumvi laini. Ukiilaza kwenye friji, iache wazi juu ya wavu ili uso wake ukauke.

*Naweza kuloweka steki kwenye maji ya limau usiku kucha?*

Hapana. Asidi haifiki mbali. Inaishia juu juu, ikiufanya uso wa nyama kuwa wa kijivu na wenye kumung'unyika, tena uliolowa maji usiweze kushika rangi. Kule Toscana nchini Italia, steki nene ya Fiorentina huandaliwa na kipande cha limau pembeni, kila mtu akamue mwenyewe akiwa mezani. Fuata mpango huo.

*Sina majani mabichi.*

Tumia makavu, theluthi moja ya kipimo. Oregano kavu ni nzuri hata kuliko mbichi. Rozimari kavu itwange kwanza, vinginevyo inachoma mdomoni kama sindano.

*Nitajuaje kiini kimeiva?*

Nunua kipimajoto cha nyama. Kubonyeza kwa kidole kunadanganya, kwa sababu kila sehemu ya ng'ombe ina ulaini wake. Choma ncha yake kupitia ubavuni hadi katikati ya steki. Nyuzi 54 hadi 57 ni nyekundu yenye majimaji, 63 ni ya waridi, 70 imeiva kabisa. Iepue ikiwa imebakiza nyuzi 3, maana joto huendelea kupanda ikiwa imetulia.

*Nyama yangu ni ya bei nafuu, ya tumboni, na huwa ngumu hata nikiipika vizuri.*

Angalia nyuzinyuzi za nyama hiyo zinaelekea wapi kabla hujaipika, maana zikishaiva na kupakwa majani hazionekani vizuri. Baada ya kutulia, kata kwa kuzikatiza, kisu kikiwa kimelala kidogo, vipande vya nusu sentimita. Ukikata sambamba nazo, mlaji atatafuna nyuzi ndefu nzima nzima. Majimaji yaliyobaki kwenye ubao changanya na mafuta yale ya majani, umwagie juu.