Kusi, kaskazi na maji ya kuogelea Unguja: maswali yenu

Tunakuja Unguja katikati ya Julai na watoto wawili wadogo. Tumeshauriwa Paje. Bahari itakuwaje? (Dodoma)

Julai ni kusi tupu. Upepo unatoka kusini-mashariki, unapiga usoni mwa Paje, Bwejuu na Jambiani, na mara nyingi hukaza kuanzia adhuhuri. Ni neema kwa wanaoteleza kwa tiara, si kwa watoto. Mwamba ulioko mbali na ufuo huyavunja mawimbi makubwa, lakini huku ndani hubaki viwimbi vya upepo, mchanga uliotibuka na kamba za tiara zikipita juu ya vichwa. Sisi tungewapeleka Kendwa: inatazama magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na kusi, na maji yakipwa hayaendi mbali. Mkija Januari hesabu inabadilika. Kaskazi ndiyo inayovuma, na Nungwi na Matemwe huchafuka zaidi.

Tulifika Jambiani saa tano asubuhi tukakuta bahari imeondoka kabisa. Tungejuaje mapema? (Morogoro)

Tazameni mwezi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, huangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mara nyingi ikikomaa siku moja au mbili baadaye. Kwa kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo pwani ya mashariki yenye ufuo tambarare hubaki mchanga, mwani na madimbwi hadi karibu na mwamba.

Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki mambo yamepinduka: ni maji mafu, yanajaa saa nne asubuhi, na tofauti yake ni ndogo. Mwenye likizo fupi anayetaka kuogelea asubuhi upande wa mashariki achague wiki ya maji mafu.

Nina ubao wa kuteleza kwenye mawimbi. Msimu gani una mawimbi mazuri? (Nairobi)

Tuseme wazi: Unguja si kisiwa cha mchezo huo. Mawimbi marefu yanayosafiri kutoka bahari za kusini ya mbali, yale yenye sekunde 12 na zaidi kati ya wimbi na wimbi, kwa sehemu kubwa yanazuiwa na Madagaska. Yanayofika mengi ni ya upepo wa kusi: makubwa kuanzia Juni hadi Agosti, lakini mafupi na yamevurugika, kwa sababu upepo unayasukuma kutoka nyuma.

Mkiamua kwenda, tokeni mapema asubuhi upepo ukiwa haujakaza, na siku ambayo maji yanajaa saa hizo. Ingieni muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, rudini mara yanapoanza kutoka. Sababu ni mbili. Mwamba hukaribia uso wa maji na kuwa msumeno. Pia maji yote yaliyorushwa ndani na mawimbi hutafuta mlango wa kutokea kwenye mwamba, na mkondo wa mlangoni huwa mkali zaidi maji yanapokupwa. Ukivutwa, usishindane nao. Kaa juu ya ubao, ukate mkondo kwa ubavu mpaka utoke kwenye njia yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msitoke.

Mvua za masika zikinyesha, tusubiri muda gani kabla ya kuogelea? (Dar es Salaam)

Siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa kukoma. Karibu na Mji Mkongwe ongezeni, kwa kuwa huko mabomba ya maji ya mvua na ya maji taka yanaishia baharini. Epukeni mdomo wowote wa mtaro hata kukiwa na jua. Msidanganywe na rangi. Maji ya kahawia ni dalili, lakini maji meupe si cheti: upande wa mashariki nyumba zimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, na karo la choo lisilojengewa sakafu huvuja kupitia humo hadi ufuoni bila kubadilisha rangi ya kitu.

Nina nyumba ya wageni, nataka kupima maji yetu. Nachukuaje sampuli? (Unguja)

Omba maabara ikupe chupa iliyotakaswa. Ingia hadi maji yafike kati ya goti na kiuno, usubiri mchanga utulie. Zamisha chupa sentimita 30, uifungue humo humo, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, usiguse ndani ya kifuniko. Acha nafasi kidogo juu. Iweke kwenye barafu, mbali na jua, ifike maabara ndani ya saa 6. Ikichelewa, hesabu haina maana. Kwa maji ya chumvi omba wapime enterokoki, bakteria wanaoonyesha kuwa kuna kinyesi majini. Sampuli moja haisemi kitu: chukua angalau 5 kwa mwezi, mojawapo maji yakipwa, nyingine baada ya mvua. Katika miongozo ya WHO ya 2003, kundi bora ni la maji ambayo asilimia 95 ya vipimo vyake haizidi enterokoki 40 kwa mililita 100. Ikipita 500 ni kundi la mwisho.

Nimekanyaga mnyama wa miiba mirefu myeusi. Nifanyeje? (Tanga)

Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 na zaidi. Miiba inayochomoza itoe kwa kibano kwa kuivuta wima. Iliyokatikia ndani usiichimbe. Vipande vidogo mara nyingi huyeyuka vyenyewe. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu, nenda hospitali, na ukaulize sindano ya pepopunda.