Kuzuia akaunti za serikali za nje: mkuu, usirudie ujinga wangu

Mkuu, subiri kwanza. Umeuliza uzizuieje akaunti za serikali za kigeni kwenye kundi lenu, na sheria ya kundi isemeje juu ya hilo. Halafu unasema umeanza kufungia namba na IP (anwani za mtandao) za nje. Hapo hapo ndipo nilipozama mimi, na kundi langu lilikuwa na watu 40,000.

Kuna semina niliingia. Mtaalamu, suti na miwani, akatuambia: fungia nchi hizi, zuia balozi na televisheni za serikali zao, utalala usingizi. Nikalala kweli, wezi wakabeba nyumba. Wa ubalozi ana lebo, kila mtu anajua anaongea kwa niaba ya nani! Hata Umoja wa Ulaya ulipovifungia RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi, mwaka 2022, ulifunga mlango wa mbele tu.

Aliyenimaliza alikuwa na namba ya nchini, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Alianza kwa kufuta matangazo ya mikopo feki, bila kuombwa. Mwezi wa pili: "Kaka umechoka, nipe uadmini nikupunguzie mzigo." Na hela ya bando ananitumia. Nikampa. (Ndiyo, nilinunuliwa kwa bando. Chekeni, mkimaliza tuendelee.) Kila asubuhi saa 2 kamili posti inapanda, hata sikukuu dakika haikosei. Mwanzo vichekesho na picha za watoto. Uchaguzi ulipokaribia, ikawa wale wametuibia, hawa wanatumaliza. Watu waliopeana pole za misiba miaka yote wakawa wanatukaniana wazazi. Nikamuuliza nani anayelipia haya yote. Akajibu "wadhamini", kisha akanivua uadmini. Kwenye kundi nililolifungua mwenyewe! Wiki tatu baadaye kundi likafutwa, na akaunti yangu juu, eti nami ni tawi la operesheni ya nje. Yule mtaalamu nilimwandikia. Alisoma, hakujibu.

Na mchezo wenyewe ni wa zamani. Houston, Marekani, 21 Mei 2016: ukurasa mmoja wa Facebook uliita watu kupinga Uislamu, mwingine ukaita Waislamu, siku moja, mbele ya kituo kile kile cha Kiislamu. Kurasa zote mbili ziliendeshwa na ofisi moja ya St. Petersburg, Urusi, na waandamanaji walikuwa wenyeji watupu. Machi 2020 Facebook ikafuta kurasa zilizoendeshwa na wenyeji wa Ghana na Nigeria kwa niaba ya watu wa Urusi, wakiwalenga Wamarekani. Baadhi ya wenyeji hao hawakujua wanamtumikia nani. IP ya Accra ungeizuia kwa kosa gani?

Muulize anayelipa ni nani, achana na anatokea wapi. Kabla hujajua, uadmini usimpe mtu, hata awe shemeji yako. Leo usiku fungua orodha ya maadmini, mmoja mmoja. Kama kuna anayefuta matangazo ya mikopo feki bila kuombwa, anza na huyo.